Kaka anamuuzia binti yangu gari, na kuna taa moja haiwaki

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia usiku, binti yangu hajarudi kutoka kazini, na hilo lenyewe ni sehemu ya shida yangu.

Ana miaka 20. Leseni alipata miezi minane iliyopita, kazi akapata miezi mitatu baadaye. Zamu yake inaisha saa sita usiku. Siku za zamu sifumbi macho mpaka nisikie geti. Tukakubaliana anunue gari: yeye ana akiba yake, mimi naongezea kinachozidi nusu kidogo. Gari jipya hatuliwezi, kwa hiyo tunatafuta lililotumika.

Kaka yangu aliposikia alifurahi kuliko sisi wenyewe. Ana gari la saluni la mwaka 2006, kubwa, zito, kila Jumamosi analiosha kwa mkono wake. Akasema, "Mpwa wangu ahangaike na madalali wa nini na mimi nipo?" Bei aliyotaja haifiki hata nusu ya tulichotenga. Na huyu ndiye kaka ambaye mume wangu alipofariki aliibeba ada ya mtoto tangu darasa la tano hadi alipomaliza chuo, wala hajawahi kunikumbusha. Mwanangu hamwiti mjomba. Anamwita baba.

Sasa nikueleze ninachokijua mimi. Miaka minne iliyopita nilikuwa ndani ya gari hilo, kiti cha mbele, tulipoivaa nyuma ya lori lililosimama gizani bila taa. Ile mifuko ya hewa, eabegi, ikatoka. Mlio ulikuwa kama fataki ndani ya sikio, vumbi jeupe likajaa garini na harufu ya baruti, na mkono wangu wa kushoto ukachubuka kutoka kiwiko mpaka kiganja. Tulitoka wazima. Gari lilikaa gereji wiki tatu, likarudi linang'aa, nikafurahi, nikasahau.

Kazini nina rafiki ambaye hunipa lifti. Kila akizungusha ufunguo namwona anangoja kidogo: kuna taa ndogo yenye picha ya mtu aliyekaa na duara kubwa mbele ya kifua, inawaka sekunde chache, inazima, ndipo anawasha injini. Nilimuuliza, akaniambia ni taa ya eabegi, mfumo unajipima. Basi mwezi uliopita nilipopanda gari la kaka, nikaitafuta. Akafungua swichi. Taa ya betri ikawaka, ya oili ikawaka, ya breki ya mkono ikawaka. Ile haikuwaka kabisa. Nikatazama usukani: kile kifuniko cha katikati kimefifia kuliko sehemu iliyokizunguka, na ukingo wake mmoja umenyanyuka kama jalada la daftari lililobandikwa haraka. Upande wangu, juu ya dashibodi, kuna mstari mwembamba kama wa gundi.

Sikusema kitu. Tukaongea habari za watoto mpaka nikashuka.

Binti naye ana lake. Amependa Honda Fit ya 2014, nyekundu, kwa muuzaji wa magari tusiyemjua. Sifa alizonipa ni kamera ya nyuma, rimu, na redio ya kugusa. Nilipomuuliza injini ikoje akasema, "Mama, inawaka." Bei yake inakausha akiba yote, na nimesikia vigari vidogo vikigongwa vinakunjana kama karatasi. Nikisitasita anadhani namkatalia kwa ubahili, maana gari la mjomba wake lipo na ni rahisi.

Kaka anataka jibu Jumapili, tutakuwa sote mezani. Nikimwambia nina wasiwasi na gari lake ni kama nimemwambia anamuuzia mtoto jeneza, mtu aliyetulea. Nikinyamaza, binti ataliendesha usiku na mimi ninajua. Nimefikiria kusema tu kwamba mtoto hakupenda rangi. Nishauri, mama. Na hiyo Fit, tutajuaje kama ni gari au ni rangi nyekundu tu?

Mama wa zamu ya usiku

*

Marahaba, mama. Pole kwa huko kulisikiliza geti.

Umeniletea gari mbili na ndugu mmoja. Gari la kaka, mimi nakusoma hivi: moyoni ulishaliacha siku ile ulipoutazama usukani, na sasa unatafuta namna ya kuliacha bila kumwacha yeye. Fit unaiogopa kwa sababu humjui anayeiuza. Katikati yupo binti mwenye fedha zake humo ndani, ambaye bado hajaambiwa habari za ile taa.

Tuanze na taa. Umeona kitu ambacho wanunuzi wengi hawakioni, kwa kuwa macho yetu yamezoea kuogopa taa inayowaka. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo umeona hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda balbu imekufa, huenda kuna waya umeachia, au kuna mtu aliizima makusudi kwa sababu ingebaki inawaka na mwenye gari angekuja juu. Kile kifuniko na ule mstari wa gundi vinanisukuma kwenye hilo la mwisho, sikufichi. Lakini vinanisukuma tu. Eabegi nzima iliyotolewa kwenye gari jingine la aina hiyohiyo nayo inaweza kuja na kifuniko kilichofifia. Kwa hiyo bado hatujui.

Na inawezekana kabisa kwamba kaka yako naye hajui. Hapo naomba ukae kidogo. Katika barua yote umemweka upande wa wanaojua, ndiyo maana unaona kumuuliza ni kumshtaki. Hebu lirudie gari kama alivyolipokea yeye: limenyooshwa, limepigwa rangi, linatembea, dashibodi haina taa inayolalamika. Angeuliza nini? Amelipa, amekabidhiwa ufunguo, amerudi kuliosha kila Jumamosi. Kama ndani ya ule usukani hamna kitu, basi mtu unayeogopa kumuudhi ndiye aliyeukalia mbele miaka yote minne. Na kiti cha pembeni wewe mwenyewe ulikikalia mwezi uliopita, mkiongea habari za watoto.

Ukilitazama hivyo, hadithi ya rangi inakuwa ghali. Itakuvusha Jumapili, lakini gari litabaki mikononi mwake, au ataliuza kwa mtoto wa mtu mwingine. Sikwambii usiitumie. Kuna ndugu ambao ukweli ukiwafikia wanavunja nyumba, na wewe ndiye unayemjua wako. Naona tu kwamba umempima kwa hofu yako, wakati mtu aliyelipa ada miaka yote hiyo bila kukumbushia pengine ana kifua kipana kuliko unavyomdhania.

Ukiamua kusema, usingoje Jumapili mezani. Mtu anayetoa sana hajazoea kuulizwa, na akiulizwa mbele ya watu atajibu kwa ajili ya watu. Mtafute peke yake. Mimi ningeanza na ajali, kwa sababu mlikuwa wote: "Kaka, tangu siku ile ya lori, umewahi kuhakikisha eabegi zilirudishwa? Nimepanda juzi nikaona taa yake haiwaki. Nimepata hofu juu yako kabla ya huyu mtoto." Bei usiitaje, wala Fit usiitaje. Anaweza kununa. Anaweza kusema gereji ile ni ya mtu wake na haiwezi kumfanyia hivyo. Usibishane naye kuhusu gereji. Muombe gari lipelekwe kwa fundi mwingine, gharama juu yako.

Huyo fundi nae si yeyote. Mashine nyingi ndogo za kusoma kompyuta ya gari zinasoma injini tu, hazifiki kwenye mfumo wa eabegi, kwa hiyo mtamuuliza mapema kama ya kwake inafika. Hata ikifika, kuna ujanja wa zamani: kipande kidogo cha umeme, rezista, hufungwa mahali pa eabegi ili kompyuta iamini ipo. Mashine itasema salama. Ndiyo sababu lazima mtu afungue na kutazama kwa macho, na afungue anayejua, betri ikiwa imetolewa na kungojewa kwa muda anaoelekeza mtengenezaji. Eabegi nzima ina kilipuzi ndani. Asije kijana na bisibisi kukuonyesha.

Ikionekana hazimo, kaka anaweza kusema, "Basi tuziweke." Ni njia ya heshima na isikataliwe haraka, ila iulizwe bei kwanza. Baada ya ajali ya namna hiyo mara nyingi hubadilishwa na vitu vingine, si mifuko peke yake: kompyuta yake, vihisio vya mbele, na mikanda ya viti vya mbele, kwa sababu magari mengi yana kilipuzi kidogo kinachovuta mkanda sekunde ileile, na kikishatumika kimetumika. Vikikusanywa, bei ya undugu inaweza kupanda ikaifikia Fit. Halafu bado ni gari la 2006 lililowahi kugongwa mbele, na hujaniambia mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaopangilia mwendo wa vali na pistoni, ulibadilishwa lini, kama injini yake ni ya mkanda na si ya mnyororo. Kwenye injini nyingi mkanda huo hubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000, na ukikatika unaweza kuondoka na injini nzima. Kaka anayeosha gari kila Jumamosi huenda anaikumbuka tarehe. Huenda pia anaosha tu.

Sasa nimtetee binti, kisha nimgeuke.

Habari ya karatasi ina ukweli wake. Gari zito likikutana na jepesi, jepesi linaumia zaidi. Hiyo ni fizikia na haina mjadala. Lakini miaka nayo ina uzito wake. Kuna mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ESC, unaofunga breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuserereka, na kwa dereva mwenye miezi minane barabarani ni kama mwalimu aliyekaa pembeni. Marekani waliulazimisha kwa magari yote madogo ya kuanzia modeli za 2012, Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Saluni nyingi za 2006 hazina. Fit ya 2014 inaweza kuwa nao, inategemea ilitengenezwa kwa soko gani, kwa hiyo msidhani, angalieni: swichi ikifunguliwa, itokee taa yenye picha ya gari na alama za matairi zilizopinda nyuma yake. Na mkiwa hapohapo muitafute ile ya mtu na duara. Fit nayo inaweza kuwa imewahi kugonga lori.

"Mama, inawaka" sasa. Hata la mjomba wake linawaka, kasoro taa moja.

Mwambie aende asubuhi, na kabla ya salamu kuisha aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiamsha injini, na injini iliyoamshwa huficha mambo. Arudi siku nyingine. Ikiwa baridi, mwenzake asimame nyuma ya ekzosi wakati inawashwa: moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata moto ni maji yanaingia mahali pasipo pake. Mvuke mwepesi wa asubuhi hauna neno. Afungue mfuniko wa oili achungulie kwa ndani. Akikuta utelezi wa rangi ya maziwa, aulize maswali magumu. Injini za Fit ni za mnyororo, huko mna nafuu. Wasiwasi wangu mimi uko kwenye gia. Nyingi za otomatiki katika Fit ni za CVT, yaani gia zisizo na hatua, ambazo zinataka oili yake maalumu, na kuna watu huzijazia yoyote iliyo karibu. Aliondoe gari polepole kabisa kutoka kusimama, mara tano, sita, redio imezimwa (ndiyo, ile ya kugusa). Likitetemeka kama mtu anayejizuia kikohozi, hapo kuna gharama.

Kilomita za kwenye dashibodi azisome pamoja na pedali ya breki. Namba hurudishwa nyuma. Mpira wa pedali na ngozi ya usukani havirudi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa zee kuliko uchumba wa muuzaji. Na namba ya chesisi ya kwenye bodi ilingane na ya kwenye hati, herufi kwa herufi. Kwa magari mengi ni herufi na tarakimu 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, asishtuke. Namba hiyo mnaweza kuiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji mkaona kama gari liliitwa kurudi kurekebishwa. Hili lifanyeni kwa magari yote mawili, kwa kuwa eabegi za kampuni iitwayo Takata zilirudishwa kwa mamilioni duniani, kwenye magari ya kampuni nyingi, Honda na Toyota zikiwemo: kilipuzi chake kikizeeka kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Eabegi kuwepo ni nusu ya jibu.

Haya yote umeona nimesema afanye yeye. Unamlinda kwa kumficha, naelewa, ila ana miaka 20, sehemu ya fedha ni yake, na kifua kitakachokaa mbele ya usukani ni chake. Ukimwambia habari za taa kuna hatari atamuona mjomba kwa jicho jingine kabla hamjajua ukweli. Hilo ni jambo la kuogopa kweli. Usipomwambia, ataendelea kuamini mama yake ni bahili, na siku akija kujua atauliza ulijua tangu lini. Pengine kuna la katikati: kaka asikie kwanza, kisha huyo kaka mwenyewe aende na mpwa wake kuitazama Fit. Mtu aliyetaka kutoa gari atakuwa amepata kitu cha kutoa.

Kuna jambo moja kwenye Fit umelipitia kwa haraka kuliko ninavyopenda: kwamba inakausha akiba yote. Gari lililotumika huomba fedha mwezi wa kwanza, tairi mbili, betri, oili zote, na bima ya dereva kijana mara nyingi huwa juu. Kama hakibaki kitu, mtaanza kuahirisha, na kinachoahirishwa kwanza huwa breki. Gari la tatu, la bei ya kati, Corolla au Demio au Swift isiyo na kamera wala rimu, hamjalitafuta kwa kuwa haya mawili yamejaza nyumba nzima. Kulitafuta kunataka miezi, na miezi hiyo binti anaendelea kurudi usiku kwa njia anazorudia sasa. Sijui njia hizo zikoje. Wewe unazijua, na unaweza kupima kama hatari ya kungoja ni kubwa kuliko ya kuharakisha.

Halafu, mama, gari lolote mtakalonunua, litaendeshwa saa sita usiku na mtu aliyechoka mwenye leseni ya miezi minane. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Sikutajii hili ili ukose usingizi zaidi, umeshaukosa. Nakutajia kwa sababu mmejadili chuma muda wote na hakuna aliyepanga nani atakaa naye pembeni wiki mbili za mwanzo, usiku, kwenye barabara ileile atakayotumia. Kaka yako anajua kuendesha. Angalau anajua lori lisilo na taa likoje.

Kuhusu mazungumzo naye, kama maneno yatakugomea, usiyalazimishe. Muombe lifti tena. Akifungua swichi, mshike mkono kidogo kabla hajawasha injini, mzihesabu taa pamoja. Kisha niandikie alisema nini.